Sabuni, Mwili na Tafsida: Uhakiki wa Sanamu za Lilian Nabulime

Makala haya yanahakiki kazi za Lilian Nabulime, mchongaji wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1963 na mhadhiri wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Hoja yetu ni kwamba nguvu ya sanamu zake imo katika uteuzi wa malighafi inayoilazimisha jamii kuzungumza.

Nabulime alichonga mizizi na magogo kabla ya kugeukia sabuni. Tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilika mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ilichunguza namna sanamu zinavyoweza kuwa chombo cha mawasiliano kuhusu maisha ya wanawake wenye VVU na UKIMWI nchini Uganda. Katika utafiti huo alitumia sanamu ndogo za sabuni angavu zenye maumbo ya viungo vya uzazi, vya kike na vya kiume, zikiwa na vitu kama mbegu ndani yake.

Kiisimujamii, sanamu hizi zinahojiana na tafsida. Ugonjwa huu ulipoenea Uganda uliitwa "silimu", jina linalotaja kukonda na kunyamazia njia ya maambukizi. Sabuni hainyamazi: anayeishika ameshika umbo lenyewe. Hata hivyo ni kitu cha nyumbani, cha usafi, kisichotisha. Hivyo msanii amehifadhi staha ya tafsida huku akiondoa kificho chake. Uangavu nao unaonyesha kilichomo mwilini ambacho macho hayakioni. Mbegu yaweza kusomwa kama uhai, na pia kama virusi.

Kwa mtafiti aliyeko Malukhu, mjini Mbale, usomaji huu una uzito wa pekee. Katika Bugisu, imbalu huupa mwili wa mwanamume uwanja wa hadhara kila mwaka wa shufwa. Mwili wa mwanamke hauna uwanja wa kiwango hicho. Nabulime anaviweka vyote viwili katika kiganja kimoja, kwa kipimo kimoja.

Udhaifu upo katika maonyesho, si katika uchongaji. Sabuni ikifungiwa kwenye kabati la kioo, inarudi kuwa pambo, na mazungumzo hukoma. Tunapendekeza sanamu za aina hii zipelekwe katika madarasa na vikao vya afya, zishikwe, hata zikichakaa. Nao wahakiki wa Kiswahili wanapaswa kuzijadili kwa maneno yasiyokwepa kile ambacho mkono umekwisha kukitaja.