Jicho la Imani na Filamu ya Fellini

Filamu ya Federico Fellini, La dolce vita (1960), huanza kwa helikopta iliyobeba sanamu ya Kristo juu ya mji wa Roma. Nyuma yake yaja nyingine, ambamo mwandishi wa magazeti, Marcello, anawaomba wanawake wanaoota jua nambari za simu.

Gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliishutumu vikali filamu hii, ilhali Wajesuiti wa San Fedele, Milano, waliitetea. Imani ilikuwa moja. Uhakiki ndio uliotofautiana. Washutumu walipima kilichoonyeshwa, watetezi walipima namna kilivyohukumiwa.

Hoja ya watetezi ndiyo nzito. Yatosha kuitazama sehemu ya watoto wawili wanaodai kumwona Bikira Maria. Wapiga picha wanasimika taa, umati unafurika na wagonjwa wake, mvua inanyesha, watoto wanakimbia huku na huko nao umati unawafuata. Kunapokucha, pana maiti. Katika sehemu hii hamna uchi wala ulevi, lakini ndimo mlimo dhambi nzito kuliko zote za filamu: sala imefanywa tamasha la kuuzwa. Aliyezihesabu karamu tu hakuiona.

Mwaka 1995 Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 bora. La strada na 8½ za Fellini zimo; hii haimo. Hata hivyo, kuonyesha uovu si kuusifu. Mhakiki Mkatoliki hana budi kwanza kuuliza kazi yausemaje uovu huo.