Kipimo Kwanza, Nguvu Baadaye

Anoka, mji wa Marekani ulio kaskazini mwa Minneapolis, umekuwa makao ya kampuni ya risasi ya Federal tangu mwaka 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni hiyo ndiyo iliyoendesha kiwanda cha serikali kule New Brighton, jirani na Saint Paul, kilichotoa risasi kwa mabilioni. Maganda yake yaligongwa herufi TW kitakoni, na mafundi wanaojaza risasi upya wanazitambua hadi leo.

Kiwanda hutengeneza risasi ya kuingia katika kila bunduki ya aina yake, iwe chemba yake ni fupi au ndefu. Fundi anayejaza risasi nyumbani anaihudumia bunduki moja tu, kwa hiyo anaweza kulirekebisha ganda lilingane na chemba ile ile. Hapo ndipo kazi yake inapostahili sifa.

Tuchukue .308 Winchester. Ganda lake lina bega, pale mwili unapobanika kuwa shingo. Bega hilo likikutana na bega la chemba, risasi haisogei mbele tena. Kutoka hapo, kwenye mstari wenye kipenyo cha milimita 10.16, hadi uso wa bolti, viwango vya Marekani vinataka chemba iwe na milimita 41.40 hadi 41.66. Tofauti ni robo ya milimita, na ufundi wote umo ndani ya robo hiyo.

Ganda likizidi urefu wa chemba, bolti haifungi. Likiwa fupi mno, madhara huja polepole. Baruti inapowaka, kuta za ganda hung'ang'ania chemba huku kitako kikisukumwa nyuma hadi kwenye bolti, na shaba iliyo katikati huvutika na kukonda. Ganda likitumika hivyo mara kadhaa, mstari unaong'aa hutokea juu kidogo ya kitako, na hatimaye ganda hukatika vipande viwili. Fundi mwangalifu hukunja ncha ya waya mwembamba na kupapasa ukuta wa ndani. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo hutupwa.

Fundi wa namna hii hakimbilii presi ya kujazia risasi. Huanza na maganda yaliyopigwa katika bunduki yake, kwa kuwa moto umeyavimbisha yakafuata umbo la chemba. Huondoa fataki zilizotumika, maana fataki iliyochomoza kitakoni hupotosha kipimo. Kisha hupima kwa kalipa iliyofungwa kipande chenye tundu linalokaa begani, ganda moja baada ya jingine, hadi aone namba zinajirudia. Anajua pia kwamba ganda lililopigwa mara moja huenda halijaijaza chemba.

Ndipo anapoyapaka maganda mafuta na kuanza kushusha kalibu, chombo cha kwenye presi kinacholibana ganda lirudi kwenye umbo lake, kidogo kidogo. Mwili wa ganda ukibanwa, bega husogea mbele kwanza, ganda likawa refu kuliko lilivyoingia, kabla ya kuanza kurudi. Asiyepima hawezi kuliona jambo hilo. Kwa bunduki ya bolti, lengo ni bega lirudi nyuma milimita 0.03 hadi 0.05. Skrubu ya kalibu ina meno 14 kwa inchi, hivyo mzunguko mzima ni milimita 1.81. Kupata milimita 0.03 ni kuizungusha kama mshale wa dakika kwenye saa unavyosogea kwa dakika moja. Anashusha, anapima, anashusha tena, na hachoki.

Si kila risasi huzuiwa na bega. Wawindaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu .375 H&H Magnum ya mwaka 1912, ambayo huzuiwa chembani na mkanda ulio karibu na kitako. Nayo .303 ya Waingereza hutegemea ukingo wa kitako. Hata kwa ganda lenye mkanda, fundi mzuri bado hupima bega, ili ganda likae begani lisivutwe kila linapopigwa.

Anayetaka kujifunza kazi hii anunue kipimo cha bega kabla ya kununua baruti, afuate kitabu cha mtengenezaji, na asikisie. Akimaliza, aandike kwenye boksi risasi hizo ni za bunduki gani, kwa sababu zilizopimwa kwa chemba moja hazina dhamana katika chemba nyingine.