Alama za Aljebra na Haki ya Mwenye Kukawia

Muhula huu tuliletewa karatasi ya kurasa 6 kutoka chuo kimoja cha Marekani. Aliyetuletea ni kijana tuliyemfundisha hesabu zamani, naye sasa yuko huko, mchana asoma, usiku afanya kazi ghalani apate kulipa ada na chumba. Karatasi hiyo ni kanuni za darasa la aljebra ya kati: nini kitafundishwa, nini kimekatazwa, na jinsi alama zitakavyotolewa. Kijana huyo ameshindwa kwa upungufu usiofika hata alama moja, naye atuuliza kama hukumu ile ni ya haki. Swali lake latupasa sisi sote tushikao chaki. Kwa hiyo tumeisoma karatasi ile kama mtu asomavyo kitabu, tupate kusema wema wake na upungufu wake.

Kwanza yafaa wasomaji wajue aljebra ya kati ni nini. Katika vyuo vya Marekani ni darasa lililo kati ya aljebra ya mwanzo na hesabu za chuo zenyewe. Humo hufundishwa milinganyo ya mstari, kutafuta vigawo, sehemu zenye herufi, vipeo na vipeuo, na baadaye milinganyo ya kipeo cha pili. Mengi ya hayo kwetu hufundishwa katika shule ya sekondari. Katika vyuo vingi darasa hili halihesabiwi katika shahada. Ni mlango tu wa kuingilia. Lakini mlango ukifungwa, hata mwenye nyumba hulala nje.

Tuanze na wema. Karatasi hii hutolewa siku ya kwanza ya masomo, kabla mtu hajakosa wala hajapatia. Kila mmoja ajua tangu mwanzo tarehe za mitihani, saa za kumwona mwalimu, na thamani ya kila kazi. Hakuna jambo la kunong'onezana, wala hakuna mtoto wa mkubwa atakayepewa kanuni yake peke yake. Hili ni jambo jema sana. Wengi wetu hutoa alama kwa desturi iliyo kichwani mwetu, na mwanafunzi huijua sheria siku ile anapohukumiwa nayo. Katika hili wenzetu wametutangulia, na yatupasa tuwaige.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Karatasi yasema hivi: katika alama 100, mahudhurio yana 10, kazi za nyumbani 20, na mitihani mitano 70, yaani 14 kwa kila mtihani. Mwenye 90 na zaidi hupata A. Mwenye 80, B. Mwenye 70, C. Mwenye 60, D. Na chini ya 60 ni F, ndiyo kuanguka. Tena asiyepata C haruhusiwi kuingia darasa lifuatalo. Kwa hiyo D, ijapokuwa kwa jina si kuanguka, kwa matokeo yake ni kuanguka.

Katika siku za kwanza za aljebra twamwambia mtoto ya kuwa 3x na 2y havijumlishwi vikawa kitu kimoja, maana si vitu vya jinsi moja. Akiandika 5xy twamtilia msalaba mwekundu. Na mwalimu yuyo huyo, akifika mwisho wa muhula, huchukua siku za kuhudhuria, na daftari za nyumbani, na maarifa ya mtihani, akavijumlisha vyote, akatoa nambari moja, akaiita aljebra. Mtu aweza kujibu ya kuwa kila kitu kimekwisha pewa uzito wake, na vyenye uzito hujumlishwa. Ni kweli, mfuko wa mchele na mfuko wa chumvi waweza kuwekwa pamoja katika mizani. Lakini aliyeambiwa jumla ya uzito peke yake hawezi kujua mchele ni kiasi gani, naye alitaka kupika wali.

Tuone jinsi mizani hii ilivyompima kijana wetu. Mitihani yake mitano ilikuwa 40, 55, 70, 85 na 95. Wastani wake ni 69. Katika kazi za nyumbani alipata 80 kwa 100. Katika mahudhurio alipata 5 tu kati ya 10, kwa kuwa zamu yake ya usiku ilikwisha alfajiri, na mara nyingi basi halikumngoja. Hesabu yake ni 48.3, na 16, na 5, jumla 69.3. Ni D. Sasa na tumwaze mwanafunzi mwingine, asiyekosa hata siku moja, na kazi zake zote za nyumbani ni 100, lakini katika kila mtihani apata 58. Hesabu yake ni 40.6, na 20, na 10, jumla 70.6. Ni C, apita. Yule wa kwanza alimaliza muhula akiijua aljebra. Huyu wa pili hakuijua mwanzo wala mwisho, naye ndiye aliyefunguliwa mlango. Wala tusisahau ya kuwa siku hizi simu ya mkononi huweza kupiga picha ya mlinganyo na kutoa jibu pamoja na hatua zake zote. Basi zile 20 za nyumbani ni za nani, za mtoto au za simu?

Tena, tuache mahudhurio na kazi za nyumbani, tutazame mitihani peke yake. Wastani wa 40, 55, 70, 85 na 95 ni 69. Wastani wa 85, 80, 70, 65 na 60 ni 72. Kwa karatasi hii, aliyekuwa akipanda amepitwa na aliyekuwa akishuka. Wastani hauulizi mtu amefika wapi. Huuliza alikuwa wapi siku zote, hata zile alizokuwa hajafundishwa vema. Wazee wetu walisema, heri kawia ufike. Wastani wasema, ukikawia, hata ukifika hukufika.

Na katika aljebra kosa hili ni kubwa zaidi kuliko katika masomo mengine, kwa sababu masomo yake hujengwa moja juu ya moja kama matofali. Atakaye kutatua x² − 5x + 6 = 0 hana budi kutafuta vigawo, aandike (x − 2)(x − 3) = 0; kisha atatue milinganyo miwili midogo ya mstari; tena asikosee alama za kutoa. Kwa hiyo aliyepata 95 katika mtihani wa mwisho, ambao ndio wa milinganyo hii, amekwisha shuhudia ya kuwa yale yaliyomshinda katika mtihani wa kwanza sasa anayajua. Lakini ile 40 haikufutwa. Ingali imeandikwa juu yake kama deni lililokwisha lipwa ambalo mwenye duka amekataa kulifuta.

Jambo lingine ni sifuri. Karatasi yasema aliyekosa mtihani kwa sababu yo yote atapata 0. Mwanafunzi mwenye 80 katika mitihani minne, na 0 katika mmoja alipokuwa mgonjwa, wastani wake ni 64. Kutoka B ameshuka hadi D. Sababu ni hii: A ina hatua 10 tu, B vile vile, na C na D, lakini F ina hatua 60. Atumbukiaye humo hatoki kwa urahisi. Hiyo 0 haisemi ya kuwa hajui kitu. Yasema tu ya kuwa hakuulizwa.

Labda wengine watasema ya kuwa mipaka hii imewekwa kwa hekima ya zamani, haifai kuguswa. Hekima hiyo imebadilika mara nyingi. Mwaka 1897 chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, katika jimbo la Massachusetts, kilitoa madaraja kwa herufi, na aliyepungukiwa na 75 alihesabiwa ameanguka. Leo katika karatasi hii 72 hupita. Kwetu Tanzania, katika mtihani wa kidato cha nne, A huanzia 75, na 69 ni B. Wala alama yenyewe si imara kama jiwe. Mwaka 1913 Daniel Starch na Edward Elliott, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walitangaza habari ya karatasi moja ya jiometri waliyoipeleka kwa walimu wengi waisahihishe. Karatasi ile ile moja, wengine waliipa chini ya 30, na wengine zaidi ya 90. Basi ikiwa mipaka ni ya kibinadamu na alama ni za kibinadamu, kumfungia mtu njia kwa ajili ya 0.7 kwataka moyo mgumu sana.

Hatusemi ya kuwa Wamarekani hawaoni taabu hii. Katika vyuo vya jamii vya California, mwaka 2009 aljebra ya kati iliwekwa kuwa kiwango cha hesabu cha kupatia stashahada. Wanafunzi wengi wakakwama katika madarasa ya matayarisho, wasifike hesabu za chuo kamwe. Mwaka 2017 ikatungwa sheria iliyovitaka vyuo hivyo viwape wanafunzi kila nafasi ya kuingia na kumaliza hesabu za chuo katika mwaka mmoja. Sheria hiyo ilikuwa njema, lakini ilihusu mlango wa kuingilia. Namna ya kupima waliokwisha ingia imebaki mikononi mwa mwalimu. Ndiyo maana twasema na walimu, hatusemi na serikali.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Mwalimu mwenye wanafunzi mia hawezi kumtungia kila mmoja mtihani mpya. Na mtoto asiyebanwa hulegea. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Maneno haya yana kweli ndani yake, wala hatutaki darasa lisilo sheria. Kuhudhuria ni wajibu, na kuchelewa ni kosa. Lakini adhabu ya kuchelewa iwe adhabu ya kuchelewa, isigeuzwe ushahidi ya kuwa mtu hajui vigawo. Hata sisi tumetenda hivyo. Tulimpunguzia mtoto mmoja alama za hesabu kwa kuchelewa, tukaandika katika ripoti yake ya kuwa hesabu zake ni dhaifu. Hesabu hazikuwa dhaifu. Njia ya kuja shuleni ilikuwa ndefu. Baba yake alipoisoma ripoti aliamini tulivyoandika, na mtoto pia akaamini.

Basi tungependa karatasi ile isahihishwe mahali patatu. Kwanza, mahudhurio na kazi za nyumbani ziandikwe mahali pake, zionekane, wala zisichanganywe na alama ya maarifa. Pili, pawe na mtihani wa mwisho wa masomo yote, na alama yake ikiwa kubwa kuliko ya mitihani ya nyuma, ichukue nafasi ya zile ndogo. Hilo halimwongezei mwalimu hata karatasi moja kwa kila mwanafunzi ila hiyo ya mwisho. Tatu, aliyekosa mtihani kwa sababu ya kweli asiandikiwe 0, bali mtihani wa mwisho umsemee. Wako walimu huko huko Marekani waachao alama moja ndogo kuliko zote isihesabiwe, wala madarasa yao hayakuharibika.

Kijana wetu tumemjibu ya kuwa kanuni ilifuatwa, kwa hiyo hakudhulumiwa na mtu. Lakini kanuni yenyewe ilipima kitu kingine, si aljebra yake. Tumemsihi arudie darasa lile, wala asijidhani mjinga. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nasi walimu tukumbuke asili ya neno lenyewe. Aljebra ni al-jabr, neno la Kiarabu lililo katika jina la kitabu alichokiandika Al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni kurudisha au kuunga, na Waarabu walilitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Mwunga mifupa afunguapo kitambaa hachukui wastani wa siku zote tangu mkono ulipovunjika. Humwambia mgonjwa, inua mkono. Akiuinua, amepona.