Wali au Pilau? Filamu za Kiswahili na Simu za Wanafunzi Wetu

Kila mwaka ninapoanza kufundisha somo la kusikiliza na kuzungumza, huwauliza wanafunzi swali moja: simu zenu zina filamu gani? Majibu hayatofautiani sana. Zipo za Kimarekani, za Kihindi na za Kikorea, na nyingi zimetafsiriwa kwa Kiluganda na VJ Junior, VJ Jingo au wenzao. Za Kiswahili ni adimu kama kaburi la nyani. Hata hivyo, wanafunzi hao hao ndio wanaolalamika kwamba hapa Uganda hawana mahali pa kusikia Kiswahili nje ya darasa. Makala haya yanajaribu kueleza hali hiyo, na kupima aina mbili za filamu za Kiswahili ambazo zingeweza kuwafaa.

Tuanze na simu yenyewe. Wengi wana Tecno, Itel au Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja ya China, Transsion. Ukiwauliza sababu watakutajia laini mbili, betri inayodumu na nafasi ya kuweka kadi ya kumbukumbu. Sifa hizo zinaonyesha jinsi filamu inavyotazamwa kwetu. Netflix ilifika katika nchi zetu Januari 2016, lakini kutazama moja kwa moja kutoka intaneti kunakula bando. Tena tukumbuke kwamba kuanzia Julai 2018 mtumiaji wa mitandao ya kijamii hapa Uganda alitozwa shilingi 200 kwa siku, na mwaka 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Jirani zetu Wakenya walipewa na Netflix mpango wa bure wa kutazama kwa simu za Android mwaka 2021, ukaondolewa 2023. Bando walijilipia wenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wetu huenda dukani na flashi yake, akanakiliwa filamu, kisha akaitazama mara kumi bila kulipa tena. (Kwamba mwenye filamu hapati hata senti ni dhambi ambayo sitaitetea.)

Wenzangu wengi huishia hapo na kusema tatizo ni bei. Sikubaliani nao. Bei inaeleza kwa nini filamu inabebwa kwenye flashi. Haielezi kwa nini flashi hiyo imejaa Kiluganda. Mwenye duka angeweza kunakili filamu ile ile kwa Kiingereza, tena kwa bei hiyo hiyo. Mteja huchagua sauti. Anamtaka mtu atakayekaa naye na kumweleza.

Kiswahili nacho kiliwahi kuwa na sauti ya namna hiyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili Dar es Salaam, niliingia kibanda kimoja karibu na Ubungo nikidhani nitapumzisha akili. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, na aliyesema ndani yake alikuwa mmoja tu, Lufufu. Alikuwa askari, akawa jambazi, akawa mwanamke anayelia, kisha akawa yeye mwenyewe na kutueleza kwa nini yule wa nyuma ana hasira. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, aliyeandika juu ya watafsiri hawa, aliita kazi yao kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo unafaa, kwa sababu pilau ina wali ndani yake, ila mpishi ameongeza vitu ambavyo mkulima hakuvijua. Kwa mwanafunzi wa lugha viungo hivyo ndivyo faida, yaani nahau, utani, takriri na maelezo ya papo kwa papo. Hasara ipo pia. Mazungumzo ya wahusika humezwa, wanawake wote husemwa na koo la kiume, na msikilizaji hawezi kujua lipi limetoka kwa mwandishi wa filamu na lipi kwa mtafsiri.

Aina ya pili ni tamthilia zilizoingizwa sauti, kila mhusika na msemaji wake. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili. Baadaye Azam TV ikaleta Sultan, tamthilia ya Kituruki ya Suleiman na Hurrem, ambayo ilipendwa sana Tanzania. Hapa Kiswahili ni safi, matamshi yanasikika, na mwanafunzi anapata kile ambacho kibanda hakimpi: watu wawili wanaojibizana, na tofauti kati ya kumsemesha mfalme na kumsemesha kijakazi. Lakini sentensi inabanwa ili itoshe muda wa mdomo kufunguka na kufungwa, na mara nyingine hubaki Kiswahili kisicho na mahali, ambacho hakuna mama wa Tanga wala wa Mombasa angekisema jikoni kwake. Zaidi ya hayo, king'amuzi hakiingii mfukoni.

Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, tumekuwa tukiambiwa tutoe walimu wengi na kwa haraka. Walimu hao watafundisha kusikiliza kwa kutumia nini? Wenzangu katika idara hukitupilia mbali Kiswahili cha vibandani kwa kuwa si sanifu, nami nakiri si sanifu. Ila ningependa mwanafunzi akisikie kwanza, kisha aje darasani tukikosoe pamoja, kuliko kumkabidhi usanifu ambao hajawahi kuusikia kinywani mwa mtu yeyote isipokuwa mimi.

Muhula huu mwaka wa pili wana kazi ya kutafsiri kwa sauti dakika tano za filamu wanayoipenda, mara moja kwa mtindo wa kibanda na mara moja kwa kugawana wahusika, wakijirekodi kwa simu zao. Wa kwanza kuleta kazi yake amemwita mpelelezi wa New York "afande" na kumpa hamu ya matoke. Rekodi yenyewe nimeisikiliza mara tatu, na alama bado sijaandika.