Mswada "Uliopita": Kasoro katika Istilahi za Uchambuzi wa Hadithi za Filamu

Katika orodha ya istilahi za filamu iliyoletwa mezani kwangu ili nitoe maoni, maneno yanayohusu kamera na sauti yametafsiriwa kwa uangalifu, nami sina ugomvi nayo. Kasoro zimo katika ukurasa mmoja tu, ule unaohusu kazi ya mtu anayeajiriwa na studio kusoma hadithi na kueleza thamani yake kabla haijanunuliwa. Ukurasa huo una neno ambalo, likichapishwa lilivyo, litampa mfasiri maana iliyo kinyume kabisa cha ile iliyokusudiwa.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwani kwetu haijazoeleka. Huko Hollywood, studio hupokea maandishi mengi kuliko wakuu wake wanavyoweza kuyasoma. Mchambuzi huyasoma kwa niaba yao, kisha huandika taarifa ya kurasa chache. Huieleza hadithi kwa sentensi moja au mbili, huifupisha tangu mwanzo hadi mwisho, hutoa maoni yake juu ya wahusika, muundo na mazungumzo, na hatimaye hutoa hukumu kwa neno moja. Mara nyingi hukumu huwa mbili, moja juu ya mswada na nyingine juu ya mwandishi, kwa sababu mtu aweza kuandika vizuri hadithi isiyofaa. Taarifa hiyo ni mali ya mwajiri. Kwa kawaida mwandishi haioni.

Maneno ya hukumu ni matatu. La kwanza, katika Kiingereza cha studio, ni lile lile ambalo wanafunzi wetu wamelifanya "kupasi" mtihani. Lakini studio hulitumia kama mcheza karata anayeiacha zamu yake ipite: maana yake ni kwamba hawautaki mswada huo. Orodha imeandika "umepita". Karani au mwalimu akisoma kwamba mswada umepita ataelewa kuwa umekubaliwa. Na kwa kuwa neno mswada hutumika pia kwa sheria inayopelekwa Bungeni, ataelewa hivyo bila shaka yoyote. Mwandishi aliyekataliwa atapongezwa. Napendekeza "hauchukuliwi", neno ambalo lina faida nyingine: halisemi kwamba mswada ni mbaya, bali kwamba studio hii haitaununua.

La pili limeitwa "uzingatiwe". Watumishi wa Serikali watalitambua mara moja: waraka unaotaka jambo lizingatiwe unataka litekelezwe. Mchambuzi hakusudii hivyo. Asemalo ni kwamba mswada una upungufu, lakini wastahili kutazamwa na mkubwa wake. "Ufikiriwe" latosha. La tatu, "unapendekezwa", halina ubishi, nao wachambuzi hulitumia kwa nadra.

Jina la mwenye kazi ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi. Orodha yamwita "mkaguzi wa miswada". Tanzania tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ambayo chini yake mtu huomba kibali ili atengeneze filamu. Kwa hiyo msomaji wetu akikutana na mkaguzi wa mswada wa filamu, atamdhania ofisa mwenye mamlaka ya kuzuia. Mchambuzi wa studio hana mamlaka hayo. Alichokikataa yeye, studio ya jirani yaweza kukinunua kesho yake.

Tena neno "miswada" lambana mno. Mnamo Desemba 1941, Stephen Karnot, msomaji wa studio ya Warner Bros., aliletewa tamthilia ya Murray Burnett na Joan Alison iitwayo Everybody Comes to Rick's, ambayo ilikuwa haijapata kuchezwa jukwaani. Aliisifu katika taarifa yake. Irene Lee, mhariri wa hadithi wa studio hiyo, alimhimiza mtayarishaji Hal Wallis, na tamthilia ikanunuliwa kwa dola 20,000. Filamu iliyotokana nayo, Casablanca, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1943. Siku Karnot alipoisoma kazi hiyo hapakuwapo mswada wa filamu; palikuwapo hadithi. Basi na aitwe "mchambuzi wa hadithi".

Wako watakaouliza kwa nini asiwe mhakiki. Mhakiki huwaandikia wasomaji wote baada ya kazi kutoka. Huyu humwandikia mtu mmoja kabla kazi haijawa. Isitoshe, aliyewahi kuona karafuu zikichambuliwa Pemba, vikonyo vikitengwa na karafuu zenyewe, hatahitaji kufafanuliwa zaidi kitenzi hiki.

Kuhusu taarifa yenyewe, orodha imeiita "ufunikaji", kana kwamba ni sufuria. "Taarifa ya usomaji" yaeleweka bila maelezo. Nalo lile fungu la sentensi moja limeitwa "mstari wa gogo", na sitaki kumwaibisha aliyeliandika. Hapa lakini sina jibu zuri. "Kiini cha hadithi" litachanganywa na dhamira inayofundishwa katika madarasa ya fasihi. Kwa sasa ninaandika "muhtasari wa sentensi moja", ambao ni mrefu, hadi mmoja wa wasomaji atakapoleta lililo fupi zaidi.