Paka Aliyeshiba Bado Anawinda

Kaoze, bondeni chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, mpunga na mahindi yakishaingia ndani, panya nao huingia. Hapo ndipo ushauri ule ule hutolewa, bondeni na hata mjini Sumbawanga: usimlishe paka, akishiba hataua panya. Ushauri huo umewaponza paka wengi, tena hauna msingi. Fuatilia hatua kwa hatua jinsi paka anavyomkamata panya, utaona kwamba kinachomwamsha si tumbo.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori, Felis lybica, ambaye mpaka leo anaishi porini Tanzania. Mnyama huyo huwinda peke yake, na windo lake kuu ni panya. Panya mmoja hamshibishi, na mara nyingi anarukia anakosa. Angengoja njaa imbane ndipo aanze kutafuta, angekuwa amechelewa. Kwa hiyo silika yake huamshwa na mchakacho na kitu kinachokimbia, awe na njaa au asiwe nayo.

Kazi huanzia sikioni. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La paka hupita 60,000, na huko ndiko panya wanakoitana kwa sauti nyembamba tusizozisikia. Ukimwona paka ameganda, anakodolea macho nafasi kati ya magunia mawili, usidhani anaona mzimu. Amemsikia mtu wake. Atakaa hapo muda mrefu, kisha atalaza tumbo chini, atatikisa kiuno na kuruka.

Hapo kuna jambo la ajabu ambalo wengi hatulijui. Panya akishafika mdomoni, paka hamwoni vizuri, kwa kuwa macho yake hayashiki sawasawa kitu kilicho karibu sana. Kazi inahamia kwenye masharubu: yanajikunja mbele, yanamgusa panya na kumweleza paka manyoya yamelalia upande gani, shingo iko wapi. Nyuma ya miguu ya mbele pia kuna nywele ndefu za kupapasia. Shingo ikipatikana, chonge hupenya kati ya pingili na kukata uti wa mgongo.

Mtafiti Mjerumani Paul Leyhausen, aliyewachunguza paka kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kuvizia, kukamata, kuua na kula kila kimoja kina msukumo wake. Ndiyo maana paka huua na kumwacha panya mlangoni bila kumla. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1976, paka waliokuwa wakila chakula wanachokipenda walikiacha, wakaenda kuua panya, ndipo wakarudi kula. Ni kweli njaa humfanya paka aue haraka zaidi. Aliyeshiba huchezea windo kwanza, hasa likiwa kubwa na linauma. Lakini njaa haimfundishi kuwinda.

Kumnyima chakula cha maana kuna hasara pia. Paka anayekula ugali mtupu tu hukosa taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na upungufu wake huharibu moyo na macho. Yaani unayetaka akulindie mahindi gizani unampofusha mwenyewe.

Kuua peke yake, hata hivyo, hakumalizi panya. Panya shamba huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na hakuna paka wa kuwafikia kwa hesabu. Anachokifanya paka zaidi, akisaidiana na mbwa, ni kuwatia hofu. Utafiti uliofanyika kwenye kaya za vijijini Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulipima chakula ambacho panya waliacha bila kukila. Penye paka na mbwa pamoja, panya walipunguza sana kula na kuzurura. Penye paka peke yake au mbwa peke yake, tofauti hiyo haikuonekana.

Hofu hiyo inataka mbwa awepo, na paka naye awepo. Mpe paka vichwa vya samaki jioni, karibu na mlango wa stoo, giza likianza kuingia na panya wakianza kutoka. Mwenye njaa hakai hapo. Ataenda kwa jirani anayekaanga samaki, na magunia yako yatalala peke yake.