Soma Kibandiko Kabla ya Kuchanganya RAM

Ukiingia duka la kompyuta Thika au Ruiru kuongeza RAM, utaulizwa: "Unataka GB ngapi?" Ni swali la haki, ila halitoshi. Laptopu za ex-UK wanazonunua wanafunzi wa JKUAT pale Juja, au wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika, mara nyingi huja na 4GB, na AutoCAD haina huruma na 4GB. Kipande cha kuongeza aghalabu kimetolewa kwenye mashine nyingine. Sioni ubaya wowote hapo. RAM ya mtumba hudumu miaka mingi, na vipande vya kampuni mbili tofauti vinaweza kufanya kazi pamoja vizuri kabisa. Fundi ninayemwamini ni yule anayefungua mashine na kusoma kilichomo kabla hajafungua droo yake.

Volti kwanza. HP EliteBook 840 G1 hutumia DDR3L ya volti 1.35. Kipande cha DDR3 ya kawaida, cha volti 1.5, kama kile cha EliteBook 8460p, kina pini 204 zilezile na kitaingia bila kulazimishwa. Kisha unawasha, na skrini inabaki nyeusi. Kwenye kibandiko tofauti ni herufi moja tu: PC3 au PC3L. Chenye L hukubali volti zote mbili, kwa hiyo ukiwa na shaka chukua hicho. DDR3 na DDR4 hazihitaji tahadhari hiyo, kwa sababu mkato wa chini umekaa mahali tofauti na kipande hakiingii.

Kasi ndiyo inayowala watu pesa. Weka PC4-2133 pamoja na PC4-2400, vyote viwili vitakwenda kwa 2133. Prosesa nayo ina kikomo chake: 840 G3 yenye Core i5-6200U haivuki 2133. Anayekuongezea bei kwa kuwa kipande ni cha 3200 anakuuzia mwendo ambao mashine yako haitaufikia kamwe.

Sasa tazama maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi huyaruka: 1Rx8, 2Rx8, 1Rx16. Nambari ya mwisho ni upana wa kila chipu kwa biti. Njia ya RAM ina biti 64, hivyo 1Rx8 ina chipu nane na 1Rx16 ina nne tu. Zihesabu kwa macho, hazifichiki. Kwenye DDR4, chipu za x16 zina makundi machache ya ndani ya kupokezana kazi, na kipande hicho huwa na mwendo wa chini kidogo kuliko mwenzake wa ukubwa uleule. Bei zikilingana, mimi huchagua 1Rx8 au 2Rx8. Ukikutana na 2Rx4 kwenye kipande cha kompyuta ya mezani, au herufi R baada ya kasi, kama PC3-12800R, kiache: hicho kilitoka kwenye seva.

Jina kubwa la kampuni halinishughulishi sana. Kingston hainunuliwi kwa sababu inatengeneza chipu, kwani haizitengenezi. Huzinunua kwa watengenezaji kama Samsung, SK Hynix na Micron. Vipande vyenye majina tofauti vinaweza kubeba chipu za kiwanda kimoja. Ninachokihofia ni kibandiko kilichoandikwa "8GB" bila neno lingine.

Ukubwa nao uwe na mpango. Vipande viwili vya 4GB vya DDR3-1600 hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Kimoja cha 8GB, 12.8. Laptopu nyingi za aina hii hazina kadi ya picha ya pekee, picha hutumia RAM hiyohiyo, kwa hiyo tofauti utaiona. Ukichanganya 4GB na 8GB, mashine nyingi za Intel huoanisha 4GB za kila upande, na 4GB zinazobaki huenda kwa njia moja. Si mbaya hata kidogo kwa bajeti ya mwanafunzi.

Kabla ya kulipa, fungua programu ya CPU-Z papo hapo dukani uone volti na kasi, na mkubaliane kwamba kipande kitabadilishwa kikileta shida. Nyumbani iache programu ya kupima RAM, Memtest86+, ikeshe usiku kucha. Ni ya bure. Ikionyesha kosa hata moja, pima kila kipande peke yake, kisha rudisha kile chenye kosa.